Shangazi wa Wodi ya Wazazi, Aliyekataa Kutia Sahihi "Alichelewa"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkunga mkuu wa kituo chetu cha afya anastaafu. Kwenye faili ana majina matatu marefu. Wodini na mtaani ni Shangazi tu, hata kwa daktari aliyemzidi umri.

Alianza kazi wodi ikiwa na vitanda vinne na dirisha zima. Leo vitanda ni kumi na kimoja, na dirisha lina matundu mawili ya risasi. Tulipoomba ukuta, wakubwa walituletea mapazia. Shangazi aliyatundika, akarudi nyuma kuyatazama, akasema, "Mazuri. Risasi ikija itabisha hodi." Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Miaka tisa iliyopita, saa nane mchana, magenge mawili yalikuwa yakigombania soko na polisi wamefunga barabara. Mama mmoja muuza mkaa alikuwa ametoka kujifungua, na damu ilikataa kukoma. Kituo hakikuwa na damu ya kumwongezea. Gari la wagonjwa lilikuwa limezuiwa ng'ambo ya kizuizi. Shangazi akamlaza kwenye mkokoteni wa mume wa mama huyo, mbeba mizigo, akatangulia mbele kuelekea hospitali, chupa ya dripu kainyanyua juu ya kichwa. Vijana wenye bunduki walimpisha. Waliovaa sare hawakumpisha.

"Rudi, operesheni haijaisha," ofisa alimwambia.

"Baba, damu haijui operesheni," akamjibu.

Dakika arobaini. Mama yule alikata roho palepale juu ya mkokoteni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Shangazi.

Fomu ya kifo ililetwa imeshajazwa: mgonjwa alichelewa kufika hospitali. Shangazi alikataa kutia sahihi. "Hakuchelewa. Alicheleweshwa." Kwa neno hilo moja alihamishiwa stoo, akakunja mashuka miezi kumi na minne, yeye ambaye mikono yake ilijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Na jarida hili lisifiche: wengi wetu tulinyamaza, tukaogopa vibarua vyetu kuota nyasi.

Walioshindwa kunyamaza ni wajawazito. Asubuhi moja ya kliniki, wanawake sitini na wawili waliketi sakafuni mbele ya ofisi ya mganga mkuu, matumbo mbele, wakagoma kupimwa na yeyote hadi mkunga wao atolewe stoo. Kufika saa sita Shangazi alikuwa wodini, glovu mkononi. Fomu ilirekebishwa. Mwaka uliofuata ikatoka amri yenye mhuri: gari lililobeba mzazi halisimamishwi kizuizini. Tangu hapo hakuna mama aliyefia pale.

Msituambie hayo ni mafanikio ya kupigiwa makofi. Ilikuwa haki ya muuza mkaa yule kabla hajapakiwa kwenye mkokoteni. Makofi ni ya Shangazi peke yake.

Mume wake, fundi cherehani, anasema tangu waoane hajamwona akimaliza sahani bila kuitwa. Shangazi, asante kwa kila kichanga uliyempokea, na asante kwa hasira yako, iliyotufunza kazi kuliko semina zote. Tunakuombea miaka mingi, afya tele na usingizi mzito. Kaa sasa, ule chakula kikiwa moto. Mtu akiita, tutaitika sisi.