Mzee Romani Dionis Chilumba, Mlinzi wa Eneo Lisilopandwa (1939–2003)

Baba yetu mpendwa, Mzee Romani, alizaliwa tarehe 14 Mei 1939 huko Newala, mtoto wa tatu wa Mzee Dionis Chilumba na Mama Benadetha. Alibatizwa akiwa mchanga, na imani hiyo hakuiacha.

Alisoma Ndanda hadi darasa la nane. Ada ilipokosekana aliteremka pwani, na mwaka 1961 akaajiriwa hapa Pande kwenye mashamba ya chumvi, akapanda hadi kuwa msimamizi. Biashara huria ilipoleta chumvi ya bei nafuu, tajiri wake aliyafunga mashamba. Kijiji kikamkabidhi baba ardhi ile, ambako zamani mikoko ilikatwa kupisha chumvi.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na mama yetu, Skolastika. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1998 alifika Bi. Debora, mtafiti wa mimea kutoka Dar es Salaam. Yeye na baba walikubaliana kubomoa matuta ya mashamba ya chumvi ili maji ya bahari yaingie, kupanda mikoko, na kuacha eneo moja bila kupanda chochote.

“Tukipanda kote,” baba alitueleza, “tutajuaje kama mikoko tumeirudisha sisi au imerudi yenyewe?”

Vijana walimtania: “Shikamoo mzee, umeajiriwa kulinda tope?”

“Marahaba. Na hakuna aliyewahi kuniibia.”

Mama naye alilalamika: “Baba Edwin, mbuzi wanamaliza mihogo yako, wewe uko matopeni!”

Mwaka juzi jirani yetu Sipriani, kwa huruma, alipanda miche ya mikoko kwenye eneo lile lililoachwa tupu. Baba aliing’oa yote, kisha akaenda kwake kumwomba radhi. Wakala pamoja.

Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa mjini Lindi. Bi. Debora alipomtembelea, ulimi ulikuwa mzito. Neno lililosikika ni “Agosti,” mwezi wa vipimo vya mwisho vya utafiti wao wa mikoko. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi 2003.

Ameacha mjane, Mama Skolastika. Watoto Edwin, Tekla na Erasmo. Na wajukuu sita. Mwanawe Modesti alimtangulia.

Ndugu na majirani, tunawasihi: hata kwa mapenzi, hata kwa kumkumbuka yeye, mtu asipande mkoko katika eneo lile kabla ya Agosti. Jibu alilolingojea tutalisikia sisi, bila yeye.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, umpumzishe katika amani yako. Amina.