Mama Beseni, Aliyekagua Nyumba kwa Kufua Nguo

Wasikilizaji wapendwa, hebu niambieni: ukienda kutazama nyumba ya kununua, unabeba nini? Wengine hubeba karatasi. Wengine hubeba shemeji anayejua kubishana bei. Sasa mama tunayemkumbuka leo, yeye alikuwa anakuambia ubebe nguo chafu. Ndiyo! Nguo chafu, sabuni na beseni.

Mama huyo ametutoka Alhamisi asubuhi. Alikunywa chai yake, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka tena. Alikuwa na miaka sitini na nane. Alikuwa mwashi, fundi wa kujenga, kwa miaka arobaini. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: mwashi, mwanamke, miaka arobaini. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Beseni, basi.

Na alianzia kwenye kubeba maji. Binti yake mkubwa amenitumia sauti kwenye simu, nimeisikiliza mara nne, sikilizeni anavyosema: "Mama alikuwa anawachotea mafundi maji, mimi niko mgongoni. Siku moja mwashi hakuja. Msimamizi anatukana hewa. Mama akachukua mwiko, akapanga mistari miwili ya matofali. Msimamizi akaja na pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, akaiweka juu, akaitazama. Akamwambia, kesho ndoo abebe mwingine."

Hapo ndipo ilipoanza safari.

Baadaye akawa maarufu kwa watu wa aina moja: wale wanaonunua nyumba ya kwanza, kuukuu, waikarabati, wapangishe. Aliwaita maharusi, wanaume na wanawake sawa. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Bwana harusi umewahi kumwona akikagua meno? Anatazama shela tu!"

Maharusi wake aliwaimbisha maneno haya haya kila siku. Paa kwanza. Kisha maji. Kisha kuta. Rangi mwisho. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, andikeni: paa, maji, kuta, rangi. Ukipaka rangi kwanza umemvisha suti mtu ambaye hajaoga. Na lipu mbichi usiipake rangi, iache ikauke wiki kadhaa, la sivyo rangi itavimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Fundi akikuonyesha kazi aliyomaliza juzi, msifu, halafu mwambie akupeleke kwenye ile ya miaka mitatu iliyopita. Na ukuta usioujua usiuvunje, kwanza panda darini ukaone kama paa limeukalia.

Na beseni je? Hilo alilieleza hivi: "Nyumba inayouzwa imeoga, imejipodoa. Ipe kazi uone tabia yake."

Sasa nije kwa dereva. Huyu dereva na mkewe ndio walionifanya niseme lazima kipindi cha leo kiwe cha Mama Beseni.

Ni miaka tisa iliyopita. Dereva wa lori, amestaafu. Mkewe ni fundi cherehani. Kiinua mgongo chote wamekitia kwenye nyumba moja kuukuu ya vyumba sita, ua katikati. Hivyo vyumba sita ndio uzee wao. Hakuna shamba, hakuna duka. Vyumba vikipata wapangaji, wanakula. Vikikosa, ndiyo imetoka.

Bwana dereva akaanza na nini? Na vigae vya uani! Vyeupe kama maziwa, vinang'aa, unajiona ndevu. Wapangaji sita wamekuja, wameona vigae, wamechagua vyumba, wiki tatu wanahamia. Akamwita Mama Beseni aje kumchagulia rangi tu.

Mama akasimama mlangoni. "Nguo ziko wapi?"

"Mama, mimi nimekuita kwa ajili ya rangi."

"Nimesikia, bwana harusi. Nguo ziko wapi?"

Mke akacheka, akaenda kuleta kikapu. Mama Beseni akamsogezea dereva beseni. "Mwenye nyumba ni wewe. Fua."

Wasikilizaji wapendwa, mzee wa watu akachuchumaa! Anasugua suruali yake mwenyewe. Majirani wamepanda matofali wanachungulia juu ya ukuta. Mmoja akapiga kelele, "Kwenye kola hapo bado, dereva!"

Akamaliza. Mama akasema, "Mwaga."

Akamwaga. Maji yakaenda kidogo kuelekea shimoni, kwenye tundu la majitaka pembeni mwa ua. Yakasita. Yakageuka. Yakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba namba tatu, yakaingia bila hodi.



"Ni maji kidogo tu hayo," dereva akasema. "Nitaweka kizingiti."

"Kizingiti kitazuia maji ya beseni. Mvua je, utaizuia kwa honi?"

Majirani hoi! Lakini dereva hakucheka. Akasimama, povu mpaka kwenye viwiko. Akasema vigae vyake havivunjwi, vimekwisha kuwekwa, wapangaji wanakuja, na yeye si mtoto wa kufulishwa nguo mbele za watu.

Mama Beseni hakupandisha sauti. "Sawa baba, visivunjwe. Wapangaji wataingia kwa vigae, watatoka kwa maji. Chumba kikishanuka uvundo, mtaa mzima unajua. Hapo hata ukipaka dhahabu."

Dereva akamgeukia mkewe amtetee. Mkewe hayupo. Ameenda kwenye mfuko wa zana za mafundi, anarudi na nyundo.

"Mume wangu," akasema, "miaka thelathini umekuwa barabarani, mimi nimekaa na cherehani naingoja nyumba hii. Sitaki kumaliza uzee wangu nachota maji chumbani kwa kata."

Pwaa! Kigae cha kwanza. Katikati kabisa.

"Mimi nimeanza. Wewe malizia."

Wakavunja, wote watatu. Na chini ya vigae wakakuta nini? Bomba la majitaka la zamani, limepasuka, limejaa mchanga tele. Dereva akakaa chini. 

Wakaanza upya. Mama akamfundisha mteremko: kila hatua unayopiga kuelekea shimoni, sakafu ishuke unene wa kidole. Bomba likawekwa jipya. Kabla halijafunikwa akamwambia, "Toa simu, piga picha. Sakafu haikumbuki, simu inakumbuka." Picha hiyo dereva amenitumia, ninayo hapa! Mabomba yote yanaonekana, na pembeni kuna kiatu cha Mama Beseni, kimejaa simenti.

Kazi ikachelewa mwezi mzima. Wapangaji wawili wakakata tamaa, wakaenda kwingine. Siwafichi, iliuma. Wanne wakangoja. Kabla mwaka haujaisha vyumba vyote sita vilikuwa na watu, na mpaka leo havijakaa vitupu.

Msidhani mama huyu alikuwa malaika. Binti yake anasema mlango wa bafu la nyumbani kwao haukufungika kwa miaka kumi na moja. "Kila siku anasema kesho. Ukiingia kuoga unaimba, ili watu wajue umo. Sisi wote kwetu tunajua kuimba kwa sababu ya ule mlango."

Jumamosi tulimsindikiza. Mafundi walikuja, maharusi wake walikuja, dereva na mkewe walikuja na wapangaji wao. Zamu ya kusema ilipofika, akasimama mwanamke mmoja, muuza mayai. Hakuna wa familia aliyemjua. Akasema, nanukuu:

"Mimi huyu mama sikumjua. Hata kwa sura. Mimi ni mpangaji, nakaa chumba namba tatu. Mwaka wa tisa sasa. Nimezaa watoto wawili mle ndani, wote wametambaa kwenye sakafu kavu. Mvua zimenyesha, wamelala. Sikujua kama kuna mtu wa kumshukuru. Nimeambiwa jana."

Akakaa. Dereva alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Kwa binti zake, wadogo zake, wajukuu, na mafundi wote waliochanganya zege pamoja naye: poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Mungu ampumzishe. Mmetupa mama ambaye ukimtaja watu wanacheka kwanza, ndipo machozi yanakuja.

Na wewe unayepanga kununua nyumba, mkononi una simu, unatazama picha za vigae: itazame tena hiyo nyumba yako. Kuna chumba ndani yake ambacho hujakiingia. Nenda kaingie, ukae chini uone kama sakafu ni kavu, kwa sababu kuna mtoto wa mtu atatambaa humo.