Sahihi ya Tatu: Maisha ya Ndugu Yetu Dadu

Ndugu yetu, ambaye wengi mlimwita Dadu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Nyumbani hapakuwa na redio. Kila Alhamisi alisimama dirishani kwa kinyozi kusikiliza mchezo wa redio wa Mpelelezi, kisha akaja kutusimulia. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kipindi, naye akatunga mwisho wake mwenyewe. Mimi dada yake mkubwa nilipogundua, nilimchapa. Nilimwambia asimlishe mtu maneno. Alikuwa na miaka kumi.

Tangu 1995 alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi, kwa miaka ishirini na saba. Jumamosi meza yake ilijaa watu. Alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza wa mezani: kila mchezaji anashika mhusika wa kipindi kile, msimulizi anamuuliza, "Unafanya nini?", na dadu zinaamua kama amefaulu.

Mwaka 2014 alitaka kuuchapa. Mtunzi wa kipindi alikwisha fariki na haki zilikuwa za watoto wake watatu. Bila sahihi zote tatu hakuna ruhusa. Wa kwanza, dereva wa lori, alisaini juu ya boneti. Wa pili, mshonaji, alisaini baada ya wiki mbili. Kitindamimba, mwalimu, alikataa.

"Baba alimpa Mpelelezi maneno yake," alisema. "Hao watu wako watamlisha mengine."

Marehemu alimjibu kwamba mimi dada yake nilishamwambia hivyo zamani. Alirudi kumuuliza kila Januari, mara nane. Kila mara alipewa chai na jibu lile lile.

Wachezaji walimshauri abadili majina tu, nani angejua. Akawaambia, "Ng'ombe wa wizi hata umpake rangi, maziwa ni ya mwenyewe."

Alifunga ndoa tarehe 16 Juni 2001 na muuguzi, ambaye hakuupenda mchezo ule ila kila alipokaa mezani alishinda. Walijaliwa mabinti wawili.

Novemba 2022 figo zake zilishindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Januari hakuweza kwenda kwa mwalimu. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, ndugu wanne, na mswada wa kurasa mia mbili na kumi. Mswada uko kabatini kwangu. Nimeombwa niuchape. Sitauchapa.

Mwalimu ameniarifu kwamba atakuwepo mazishini. Januari aliandaa chai, hakumwona mgeni wake, ndipo akaulizia. Naomba asiombwe kitu leo na mtu yeyote.

Pumzika, mdogo wangu. Umeuliza vya kutosha, na umeuliza kwa adabu.