Kofia Iliyokuwa Kazini

Tarehe 30 Novemba 1957, Mzee Enoka Sinkala, fundi rangi wa hospitali yetu ya misheni, ataosha brashi zake kwa mara ya mwisho na kustaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Alipoanza kazi, Machi 1933, hospitali ilikuwa nyumba mbili za matofali mabichi na kibanda cha dawa. Leo ina wadi tano, kanisa, ghala na shule ya wakunga, na hakuna mlango hata mmoja ambao mkono wake haujaupitia.

Alizaliwa kwa Wanamwanga, karibu na Tunduma. Ujana wake aliutumia ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako alijifunza kupaka rangi nyumba za wakubwa. Alirudi na brashi moja nzuri ya manyoya ya nguruwe na neno moja la heshima la Kibemba, "mukwai", ambalo hulibandika mwisho wa kila sentensi, awe anaongea na daktari au na mbuzi aliyelamba fremu mbichi. Wagonjwa wanaotoka Igamba humwita Mzee Mukwai, na wapo wanaodhani ndilo jina lake la ubatizo.

Wazee wa kanisa hawajasahau Pasaka ya mwaka 1938. Mzee Enoka alipaka viti vyote vya kanisa siku ya Ijumaa, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na Jumapili asubuhi rangi ilikuwa bado inanata. Alisimama mlangoni akamwambia kila aliyeingia: "Leo Bwana amefufuka, nasi tutasimama, mukwai." Mchungaji Danford hakuwa amesikia. Aliketi, na akahubiri ufufuo akiwa na mistari minne myeupe nyuma ya joho lake.

Lakini kazi ambayo Mzee Enoka ameipenda kuliko zote ni mbao nyeupe za ndani: milango, fremu, makabati. Husema nje mtu yeyote anaweza kupaka, kwa kuwa jua litamsaidia. Ndani fundi yuko peke yake. Jicho la mbao, pale tawi lilipoota, hulifunika kwanza kwa shelaki ili utomvu usije ukapenya na kuacha doa la rangi ya chai. Mkono wa mwisho wa rangi huuchanganya kwa tapentaini zaidi kuliko mafuta ya kitani, kwa sababu mafuta ya kitani ndiyo yanayogeuka manjano. Na mahali palipokwisha kugeuka, hakimbilii kopo. Hufuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha hukitazama kitambaa. "Kikitoka cheusi, laumu moshi," hutufundisha. "Kikitoka safi, muulize fundi."

Msemo huo una historia yake, na itakuwa kumpunja tukimuaga bila kuisimulia.

Mapema mwaka 1953 wadi mpya ya wazazi ilifunguliwa. Mbao zake zote zilikuwa nyeupe, ziking'aa hata wageni wakajiona ndani yake. Kipupwe kilichofuata, nyeupe ile ilianza kuchuja kuwa manjano, hafifu kwanza, kisha kama siagi. Mhudumu wa wadi hiyo alikuwa, na bado ni, Mama Ketrina, mjane kutoka Hasamba anayelea watoto wanne. Sista Ruti, msimamizi wetu wa wauguzi, aliona manjano akasema ni uchafu. Ketrina akasugua. Sista akasema bado. Ketrina akasugua kwa magadi hadi vidole vikachubuka. Alipoona haisaidii akashona mapazia mazito, akayashusha mchana kutwa, ili wageni wasione na watoto wachanga wasipigwe baridi. Mbao zikazidi kuwa manjano.

Mwanzoni mwa Julai 1954 Sista Ruti aliamua Ketrina aondoke mwisho wa mwezi. Barua ilipigwa chapa. Niliipiga mimi, karani mpya wa ofisi, bila kosa hata moja la herufi, na nikaona fahari.

Mzee Enoka alikuja kurekebisha bawaba ya kabati la mashuka. Akamkuta Ketrina amekaa chini na ndoo yake.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Silii, Mzee. Ni magadi."

"Magadi hayamlizi mtu kwa kwikwi, mukwai."

Alichukua kitambaa chake, akafuta mlango wa kabati, akakitazama. Kilikuwa safi. Akafuta tena mahali pengine. Safi. Akaung'oa mlango ule, akauweka begani na kutoka nao nje.

Aliuegemeza ukuta wa ghala, upande linakochomoza jua la asubuhi. Akavua kofia yake ya kaki, ile aliyokuja nayo kutoka migodini, akaibana katikati ya mlango kwa kamba. Kwa siku nane alitembea kichwa wazi, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba ana upara.

"Mzee, kofia umeiuza ng'ambo?" vijana wa bustani walimwuliza.

"Iko kazini."

"Na wewe je?"

"Mimi naisimamia, mukwai."

Siku ya tisa aliomba Sista Ruti afike ghalani. Tulimfuata: Ketrina, wapishi, na mimi nikiwa na faili mkononi. Mzee Enoka akafungua kamba, akaiondoa kofia. Mlango wote ulikuwa umerudi kuwa mweupe, isipokuwa katikati, palipobaki duara la manjano lenye ukingo safi kabisa.

Mpishi mmoja akacheka. "Kumbe kofia ya Mzee ndiyo chafu!"

"Ipanguse, basi," Mzee alimwambia. Mpishi akasugua duara kwa kitambaa chenye sabuni. Kitambaa kikatoka safi, duara likabaki.

"Huu si uchafu, Sista," Mzee Enoka alisema. "Uchafu hautoki kwa kuota jua. Ni mafuta ya kitani, na mafuta hayo yakikosa mwanga hugeuka manjano. Niliyazidisha mimi. Nilitaka mbao zing'ae siku ya wageni. Huyu mama amesugua kosa langu mwaka mzima."

Ieleweke alikuwa anahatarisha nini. Alikuwa amebakiza miaka mitatu tu kustaafu, na Sista Ruti hakuwa mtu wa kusamehe kazi mbovu. Hakuna aliyejua habari za mafuta yale. Angenyamaza, kofia yake ingebaki kichwani na jina lake lingebaki jeupe.

Sista Ruti aligusa duara kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akanigeukia na kunyoosha mkono. Nikaitoa ile barua kwenye faili, nikampa. Akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, akamwendea Ketrina, akamshika ile mikono iliyochubuka. Alisema neno moja tu, "Nisamehe," na alilisema kwa Kinyiha, lugha ya Ketrina.

Kwa Mzee Enoka alikuwa na maneno zaidi. "Utaipaka wadi yote upya, baada ya saa za kazi."

"Ndiyo, Sista."

"Mafuta kidogo."

"Kidogo sana, mukwai."

"Na mlango huu usiuguse. Urudi kwenye kabati ulivyo."

Ilimchukua majuma sita. Mbao zile ni nyeupe hadi leo, na zaidi ya nusu ya sifa hiyo ni ya Mama Ketrina, kwa sababu kila asubuhi, kabla hata ya kuwasalimu wazazi, hufungua mapazia yote mpaka mwisho. Siku za baridi huwafunika watoto, wala hafuniki madirisha.

Mzee Enoka anarudi Tunduma, jirani na dada yake aliye ng'ambo ya mpaka. Nyumba ameshaijenga. Mkewe, Mama Nesta, analalamika kwamba ina madirisha mengi kuliko kuta. Brashi ya nguruwe anaiacha ghalani.

Juma lililopita wanafunzi wa ukunga waliomba waoneshwe duara la kofia. Nikawapeleka kwenye kabati la mashuka, na hatukuliona. Mwanga wa asubuhi zaidi ya elfu moja umelifuta, polepole, bila yeyote kushika kitambaa. Ketrina akaweka kiganja katikati ya mlango, pale lilipokuwa. Nami nikaweka changu kando ya chake.

Mzee Enoka, asante kwa milango yote, na zaidi kwa huo mmoja. Nenda ukae kwenye madirisha yako, Mungu akupe miaka mingi yenye jua. Kofia nayo sasa ipumzike, mukwai.