Uso Wazi Getini

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa zahanati, karibu na geti. Jioni, Komeo, mlinzi wa geti hilo, akishavua sare hukaa hapo na Spana, fundi baiskeli, na Wakili, ambaye sheria hajaisoma ila aliwahi kuitwa shahidi mara moja. Siku hiyo Komeo alikunywa kahawa kama anayekunywa dawa. Sheria mpya ilikuwa imeanza: marufuku kuingia jengo la umma umefunika uso. Asubuhi alikuwa amemrudisha mama mmoja mwenye nikabu, kabeba mtoto mgonjwa.

— Sheria msumeno, ndugu yangu, alisema Wakili. Hujakosea.

— Msumeno hukata mbao, si kina mama, alidakia Spana. Mbona wa pikipiki anaingia na helmeti?

— Helmeti inalinda kichwa.

— Na imani hailindi kitu?

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— We mzee! Hiyo ni ya mambo mengine kabisa!

— Nilimwambia afunue kidogo tu, Komeo alisema. Akasema mbele ya wanaume hawezi. Ningemwachia, kazi ningeiaga.

— Shida ni kamera za serikali, Wakili akanong'ona. Zinataka kutujua sote. Wakimaliza nikabu, watakuja kwenye ndevu, kisha miwani. Mwisho ukikunja uso, faini!

— Na pua watazipima kwa rula, alidakia Spana. Haba na haba hujaza kibaba.

Walicheka. Komeo naye alijilazimisha.

Mara mwanamume mmoja akatokea mbio, shati limemganda kwa jasho.

— Shikamooni wazee. Mke wangu alimleta mtoto hapa asubuhi. Kavaa nikabu. Nyumbani hajarudi, simu haipatikani. Hamjamwona?

Wakili aliinamia kikombe. Spana akamtazama Komeo.

— Nilimwona, alisema Komeo. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Yule bwana hakugomba. Hakuwa na muda wa kugomba.

— Alielekea wapi?

— Sikuangalia.

— Na mtoto? Alikuwa anapumua vizuri?

Komeo alifumbua mdomo. Alikumbuka kitambaa cheusi, na macho mawili yaliyomsihi. Alikumbuka khanga iliyofungwa kifuani, na mkono ukiipapasa. Kilichokuwa ndani ya khanga hakukitazama hata mara moja.

— Mzee wangu, nakuuliza. Alikuwa anapumua?