Diski Aliyoikataa Fundi Masele

Mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, wazee wa ukoo na majirani zetu wa Mkolani, shikamooni. Nasimama mbele yenu, mimi Gladness, binti wa kwanza wa marehemu, kuwasomea maisha ya baba yetu, na niseme mapema kwamba karatasi niliyorudishiwa na kamati asubuhi ilikuwa na aya moja iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, nami nitaisoma na hiyo.

Marehemu Masele Luhaga alizaliwa tarehe 14 Juni 1963 huko Kamanga, wilayani Sengerema, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1978, na tarehe 3 Februari 1984 akavuka ziwa kuja mjini kuanza kazi kwenye gereji ya mzee Liaqat, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha magari ya mashindano. Wiki ya kwanza tu alitumwa kuleta diski ya breki ya gari la mbio, akaiinua kama mtu anayeinua sahani, ikamponyoka na kumng'oa ukucha wa kidole gumba cha mguu, maana alidhani, kama wengi wetu hapa, kwamba gari linalokimbia sana lazima kila kitu chake kiwe chepesi. Mzee Liaqat alicheka kwanza, ndipo akamfunga kidonda na kumweleza kwamba kusimamisha gari lenye kasi ni kuugeuza mwendo wote kuwa moto, na moto huo unataka chuma kingi cha kuubeba, ukikipunguza kinapasuka.

Baba alinunua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia sangara, akaitundika kwenye kenchi ya gereji, na kwa miaka thelathini na mitatu hakufunga diski bila kuipima, kuigonga namba kwa patasi na kuiandika daftarini. Wenzake walimtania kwamba anauza samaki wa chuma, naye akawajibu kwamba samaki wake hawaozi.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na mama yetu Teodora, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Josephat na Selina, na mzee Liaqat alipostaafu, usimamizi wa gereji ukashikwa na kaka yake mama, mjomba Chenge, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi.

Sasa naisoma aya iliyokatwa. Tarehe 2 Machi 2017 liliingia gereji gari moja la kifahari lenye kasi kubwa, diski zake za mbele zikiwa na mikwaruzo na nyufa, na mwenye gari akataka zichongwe tu ziwe laini. Baba akaipima ya kulia, akakuta kilo kumi na tatu na nusu badala ya kumi na tano za diski mpya, akaigonga namba na kuandika daftarini kwamba haichongeki tena, akakataa kazi hiyo mbele ya watu, na kesho yake akavuka kwenda Kamanga kwenye msiba. Hiyo kesho diski zilichongwa, mjomba, kwa amri yako, na kadi ya kazi ikaandikwa jina la Masele. Jumapili tarehe 5, kwenye mteremko wa kuingia kivukoni Kigongo, breki zilikataa, gari likamvunja mguu mama Getruda aliyekuwa akiuza dagaa, na kuanzia hapo baba yangu akaitwa muuaji ingawa hakufa mtu, akafukuzwa kazi, na kwa miaka minane akafunga breki za bajaji chini ya mwavuli.

Aliinunua diski ile kwa muuza vyuma chakavu na hakumwambia mtu, kwa sababu hakutaka mama ampoteze kaka yake; haya yote nimeyakuta ameyaandika daftarini. Mama, jana usiku nilikuomba ruhusa, ukanishika mkono, nami nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Baba aliugua figo tangu Januari 2024, akatibiwa hapa mjini, na akafariki tarehe 12 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, madereva wa bajaji mliochimba kaburi, na mzee Liaqat, uliyekuja kwa fimbo ukaketi na mama tangu juzi.

Diski iko hapa miguuni pa jeneza, namba yake haijafutika, daftari liko wazi juu yake, na mizani nimeitundika kwenye nguzo ya turubai. Mama Getruda, wewe uliyekuwa ukimpita baba bila kuitikia salamu yake, na sikulaumu, nakuomba usogee uwe wa kwanza kusoma. Nilipoipima asubuhi ilikuwa kilo kumi na mbili, wala chuma hakijichongi chenyewe. Mjomba, ukitaka, nawe njoo uipime.

Pumzika kwa amani, Baba. Diski zile hukuzichonga wewe.