Ubeti wa Tano wa Mama Victorine

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mimi ni Khatibu, na leo sijatulia. Tumu, fundi wetu wa mitambo, ameniambia mara mbili niache kugongagonga meza.

Tunamkumbuka Mama Victorine, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville hapa mjini, mzaliwa wa Kalemie. Alifariki Jumanne hii, mwezi huu wa Novemba 2019. Anazikwa kesho, Jumamosi. Nasema tena: kesho.

Wengi mlivaa nguo zake. Alikupima kwa jicho ukiwa bado mlangoni, na hakukosea. Lakini Jumapili aliacha mkasi, akaenda kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Jeppestown kufundisha watoto wimbo. Wimbo wenyewe ni wa karne ya kumi na tisa. Wamisionari waliwatungia watoto, naye aliupata kwa bibi yake. Ubeti wa kwanza ni huu:

Bwana una nyumba nyingi,
Ndogo moja niwekee,
Kitasa chake kishushe,
Mkono wangu ufike.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimekulia kwenye kasida. Nilipousikia, niliomba urudiwe.

Wimbo una beti saba. Mama alikuwa na wanafunzi saba, wakikaa kwenye benchi moja. Kila mtoto alipewa ubeti wake, na mwingine haruhusiwi kuuimba. Hata yeye, akishakupa, hauimbi tena. Mtoto akikua, ubeti wake hupewa mdogo, naye hauimbi tena. Mtoto asipokuja, wote husimama kimya kwa muda wa ubeti ule, kisha wanaendelea. Ndivyo bibi yake alivyofanya. Wazazi walimsihi auandike. Binti yake, Agnès, anakumbuka jibu: "Mama alisema, kama tunaandika, nani ataulizaka mtoto iko wapi?"

Ubeti wa tano ulikuwa wa Benita, mtoto wa François, mlinzi aliyekaa mtaa wa Malvern. Benita husema Kiingereza na Kizulu. Kiswahili chake kilikuwa ubeti huo tu. Unazungumzia mtoto anayekufa, maana watoto wa zama zile walikufa wengi na nyimbo zao hazikuwaficha kaburi. Siku moja Benita aliuliza maana yake. Mama akamweleza yote, hakupunguza neno. Mtoto akafikiri, akasema kwa Kiingereza, "Eish. Basi nitauimba polepole."

Sasa nifike kwenye langu. Mwaka 2017 niliwaleta hapa studio, wote saba. Walisimama hapa, Benita juu ya kreti ya soda ili afikie maiki. Tukarekodi wimbo mzima. Lakini kipindi kilikuwa kifupi, na mimi nikaona ubeti wa kaburi utawatia watu simanzi asubuhi. Nikaukata. Kipande kile sikukihifadhi. Ubeti wa tano niliukata mimi, Khatibu.

Mama alisikiliza kipindi, akanipigia. Hakufoka. "Sheikh wangu," alisema, "umemtoa mtoto kwenye benchi, na alikuwa amekuja."

Septemba mwaka huu maduka ya wageni kama sisi pale Jules Street yalivunjwa na kuporwa. François alimchukua mkewe na Benita, wakaondoka bila kuaga. Simu yake haipatikani. Kila Jumapili, wakifika ubeti wa tano, watoto sita walinyamaza, na Mama alitazama mlango. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Akaniomba nimtangaze Benita hewani apatikane, ili yeye Mama amsikie mara moja tu kabla hajaiaga dunia. Nikasema, wiki ijayo, Mama. Nikasema hivyo wiki tatu.

Husemwa kazi ya Mola haina makosa. Haya makosa ni yangu, na yananikereketa.

Jana nilimuuliza Agnès kama anaujua ubeti ule. "Hapana," alisema. "Nilikuwaka na wa pili. Wa tano haukuwa wangu." Kwa hiyo mjini humu, labda duniani kote, mwenye ubeti ni mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili.

Ndugu François, ukinisikia, najua kwa nini ulinyamaza. Usiniambie uko wapi. Usiseme hata jina. Piga simu tu, umpe binti yako. Kesho sita wataimba kaburini, na wakifika wa tano watasubiri.

Kwako Agnès, na kwa jamaa wote wa Kalemie, poleni sana. Mungu awape subira, amlaze Mama panapomstahili. Na sisi tuliobaki, tutazame benchi zetu: nani hajaonekana, na sisi tumemwambia nani "wiki ijayo"?

Redioni kimya ni kosa. Kikizidi sekunde tano, bosi hupiga simu. Ubeti mmoja unachukua sekunde ishirini na mbili, nimepima. Bosi wangu, leo usipige, laini muachie Benita.

Wasikilizaji wapendwa, mnaoweza kusimama, simameni. Tumu, usiweke muziki. Tuchukulie beti nne zimekwisha.

Huu ni wa tano.